Tomi Alivyovuka Nzoia

Jumamosi, Mei 1996. Mawingu tangu asubuhi, na moyo wangu mzito kuyashinda.

Niko kwa mama, ng'ambo ya mto Nzoia. Nimejifungia chumbani nisije nikasema neno mbele ya watu.

Nilikuja na mbwa wangu Tomi, maana nakaa huku wiki nzima, mume wangu yuko kazini mbali, na nyumbani Shianda hana wa kumpa chakula. Nilimlea kwa maziwa ya chupa mama yake alipokufa. Wifi yangu Nekesa, dada ya mume wangu, alijitolea kunisindikiza.

Kivukoni mbwa ana taratibu zake. Anakaa chini katikati ya mtumbwi, anafungwa leso machoni asiyaone maji akaruka, na kamba yake inashikwa mkononi. "Mbwa hafungwangi kwa mtumbwi," mwenye kasia alituambia. "Ukipinduka, anaenda nao." Mimi nilikuwa nimempakata kuku wa kumpelekea mama. Nekesa akanyoosha mkono.

"Leta kamba, wifi. Mimi siogopangi maji."

Nikampa. Nikamfunga Tomi leso yangu, nikamwambia polepole atulie, niko hapa. Akatulia.

Katikati ya mto kuku alipiga mabawa, Tomi akashtuka akasimama, mtumbwi ukayumba. Nekesa akaachilia kamba. Kisha akamsukuma kwa mguu.

Niliuona huo mguu.

Leso ilimtoka majini, nikaona kichwa chake kikipelekwa na maji mpaka kwenye kona. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Tulipofika ng'ambo nilikimbia kando ya mto, nikamkuta kwenye matete, anatetemeka, lakini mzima. Nililia bila haya.

Woga ningeuelewa. Mtumbwi ukiyumba kila mtu huwaza roho yake. Lakini tulipofika, hata sijaketi, Nekesa alikuwa keshaanza kusimulia: "Huyo mbwa aliruka mwenyewe, mama. Ni mimi nilijaribu kumshika." Mama akamshukuru sana. Kuku alipoiva, paja akawekewa yeye. Nami nikamwongezea ugali, kwa sababu nikimwita wifi mwongo hapa kwetu, mume wangu atapelekewa hadithi nyingine kabisa.

Miaka yote hii nimemwita huyu mtu dada.

Jioni nilitoka nje kumpa Tomi ugali, leso nyingine begani. Alipoiona akarudi nyuma, mkia katikati ya miguu. Akaenda kujilaza miguuni pa Nekesa. Nekesa akampapasa kichwa, akanitazama kidogo, kisha akageukia kando.

Sauti ya mwisho aliyoisikia Tomi kabla ya maji ilikuwa yangu. Ni nani aliyemsukuma, hakuona. Macho nilimfunga mimi.

Jumamosi ijayo tunavuka tena kurudi nyumbani, naye lazima akae chini, atulie.

Nitamwambiaje?