Taa za Nyumba Tupu Zimeniletea Wembe

Mama mshauri, shikamoo, nisaidie kabla Ijumaa haijafika. Mimi ni mke wa mtu hapa Mohoro, na msimu wa mpunga kama kawaida tulifunga nyumba tukahamia dunguni, kibanda cha ulinzi shambani, kuamia ndege na kufukuza nguruwe. Mwaka jana wezi walitukomba tukiwa huko huko, basi safari hii, maana Python, lugha ya kompyuta, nilijifunza chuoni, nikafunga balbu mbili za intaneti, nikaandika programu kwenye simu kuukuu nikaiacha uvunguni kwenye chaji, sebuleni pawake magharibi, chumbani alfajiri, mwizi adhani tupo. Sikumwambia mtu, hata mume wangu Ukasha, na nilipoanza kusikia watu wanasema nafuga jini anayewasha taa nilicheka nikanyamaza, maana jini analinda kuliko kufuli.

Kweli hatukuibiwa hata kijiko, ila Mwanasiti, dada wa mume wangu, ameita mganga aje Ijumaa aninyoe mbele ya ukoo kunitoa uchawi. Nimeshawaeleza ni programu, hawataki kusikia. Ukasha anasema, "Kubali yaishe mke wangu, nywele si zitaota? Hutaki, rudi kwenu Kibiti." Sinyolewi, mama! Nikinyolewa nimekiri, na binti yangu nani atamposa? Je, nikikaza nitakuwa nimeivunja ndoa mwenyewe?

Biasha, Mohoro

Marahaba, Biasha. Usinyolewe. Pole sana, mwanangu, na hongera kwa akili hiyo, lakini na wewe umezidi! Mumeo anasikia taa zinawaka kwake hajui nani kaziwasha, watu wanataja jini, wewe unacheka? Mwombe radhi kwa siri hiyo, si kwa kazi yako. Kisha mwambie wazi kwamba ndoa inayodai kichwa cha mke ili wifi anyamaze, anayeivunja ni yeye.

Usingoje Ijumaa. Alhamisi baada ya alasiri waite sebuleni kwenu Ukasha, Mwanasiti na mwenyekiti wa kitongoji. Mganga akija na wembe hata hivyo, nenda polisi, kumnyoa mtu kwa nguvu ni kosa. Alhamisi hiyo usiguse kitu wewe. Mpe Mwanasiti simu ile ya uvunguni, aandike saa anayotaka taa iwake kwa kidole chake, mkae msubiri. Balbu ikiwaka, muulize mbele ya wote: tuanze kumnyoa nani?