Chuma Kilichobebwa na Chumvi

Jumatatu, 4 Machi 2024
Leo nimekiona. Sina wa kumwambia, basi naandika.
Muzee Habiyaremye, profesa anayeniongoza kwenye mémoire, tasnifu yangu ya kumaliza chuo, alileta mawe haya zamani kutoka kisiwa kimoja cha Ghuba ya Uajemi. Kisiwa kizima ni chumvi — chumvi ya bahari ya kale, nyepesi kuliko miamba iliyoifunika, ikapanda polepole hadi ikachomoza, imebeba vipande vya mawe. Vingine vyekundu kwa chuma. Chuma hicho kilitoka wapi? Muzee amefundisha miaka ishirini kwamba maji moto ya volkano yalikileta, chumvi ikiwa imeshapanda. Hapa Goma nani atabisha? Tunakanyaga lava kila siku.
Lakini jiwe namba kumi na saba lina matabaka membamba kama kurasa, na katikati kijiwe. Chini yake matabaka yamebonyea. Juu yake yamepita taratibu, yamekifunika. Kijiwe kilidondoka kwenye tope laini, na tope lenyewe lilikuwa la chuma! Chuma kililala chini ya bahari tangu mwanzo. Chumvi ilikibeba tu.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemwonyesha. Hakuinama hata kwenye darubini. "Joyeuse, mutoto wangu, usinipotezee wakati. Andika volkano, utetee, uolewe."
Nimemwachia mezani hata hivyo sura niliyoandika juu ya kijiwe. Kurasa thelathini, na michoro. Halafu nimerudi nyumbani, nimeandika volkano.

Jumamosi, 20 Aprili
Conférence, hoteli moja ya mtaa wa Himbi. Muzee mbele, suti ya kijivu. Kwenye ukuta — kijiwe changu. Mchoro wangu, hata ule mstari niliokosea kuuchora. Akasema baada ya miaka ishirini amepata ujasiri wa kujisahihisha. Watu wakasimama. Wakamsifu kwa unyenyekevu wake.
Balagizi, tunayesoma naye, alinitazama, kisha akatazama simu yake.
Mimi pia nilipiga makofi.

Jumanne, 23 Aprili
Nimeenda ofisini kwa Muzee. Nimesema kidogo tu: ile ni kazi yangu. Akauliza, bila hasira, mawe ni ya nani. Kisha akanikumbusha nani alisimamia mazishi ya papa, baba yangu.
Mama naye: "Usimuhaibishe muzee."
Sikulia. Nimefua nguo zote za nyumba, hata zilizokuwa safi.

Jumapili, 26 Mei
Muzee yuko sebuleni. Amekuja baada ya misa, bila kupiga simu, akaketi kwenye kiti cha papa. Jarida la Ulaya alilolipelekea makala limemuuliza: chumvi imepinduapindua vipande vyote, ulijuaje upande wa juu wa jiwe ni upi? Ana siku mbili za kujibu.
Akaitoa picha ya jiwe, akaigeuza hivi na vile mbele yetu. Aliishika kichwa chini.
"Ni kitu kidogo, mutoto wangu. Unichoree tu, unielezee."
Nikamuuliza jina langu liko wapi. Akasema lipo, mwishoni, kwenye shukrani. Mama akainuka kuleta chai kabla sijafungua mdomo tena. Nikasema nitaileta mimi.
Chai imechemka zamani. Nimefunga mlango wa jikoni. Mama anasema kwa sauti ya chini, nje: mujibu, anangoja. Namsikia Muzee akikohoa.
Karatasi aliyonipa nimchoree ndiyo hii ninayoandikia.