Kambale Msafi wa Yaya Sakina

Kasongo, Alhamisi, baada ya alasiri.

Mvua imegoma tangu asubuhi. Mawingu yamejaa, joto limetukaba, nami nimekaa barazani nikiandika kwa sababu sioni kitu kingine ninachoweza kufanya.

Samaki wa dada yangu mkubwa, yaya Sakina, wamepigwa marufuku. Si wake peke yake, ni wa wachuuzi wote wanaonunua mtoni Lualaba. Daktari mzungu, ambaye mimi ni msaidizi wake zahanati, alipita sokoni akaona miruba imeng'ang'ania mashavu ya kambale. Akasema hajui ni miruba ya aina gani, na mpaka ijulikane, hakuna kuuza samaki. Askari wa Bula Matari, yaani serikali ya Wabelgiji, wamesimama mtoni, wanawarudisha wavuvi na mitumbwi yao.

Yaya ni mjane. Hana shamba, ana kambale tu.

Nilimwomba daktari aniache nijaribu kuitambua. Akanipa kitabu chake cha Kifaransa, kinachoeleza miruba ya baharini inayonyonya samaki, maana cha mito yetu hakuwa nacho. Bahari yenyewe sijaiona. Babu yangu alitoka huko na misafara, wala hakurudi. Kitabu kinauliza maswali: ukijibu ndiyo kinakupeleka ukurasa huu, ukijibu hapana kinakupeleka ule, na mwisho wa njia kuna jina. Swali la kwanza lilikuwa hili: je, ubavuni mna vifuko vinavyovimba na kunywea kama vinapumua?

Kwa hiyo nilihitaji mruba aliye hai. Yaya alikuwa amebakiza kambale mmoja, hai, mtungini. Jana nikampelekea habari amlete zahanati pamoja na miruba yake, kabla daktari hajaondoka leo kwenda Kabambare.

Amekuja asubuhi, amevaa kitenge chake cha Idi. Nikafungua jani alilomfungia samaki. Kambale anang'aa. Ametumbuliwa, amesuguliwa kwa chumvi na majivu, mashavu hayana doa. Kando, kwenye jani dogo, miruba yote imekufa kwa chumvi, imejikunja kama maharage makavu, imetapika damu.

"Nilimusafisha muzuri, mudogo wangu," alisema. "Munganga aone mwenyewe, samaki yangu haiko na uchafu."

Mwanamke gani wa Kasongo atampelekea mgeni samaki mwenye wadudu? Aliniheshimu, ndiyo maana akasugua.

Maji yakimwagika hayazoleki.

Niliiloweka miruba ile, nikaitazama kwa kioo cha kukuzia mpaka macho yakaniuma. Ubavuni sikuona vifuko. Labda havikuwepo, labda chumvi ndiyo iliyovimaliza. Sikuweza kusema ndiyo, sikuweza kusema hapana. Nilikwama kwenye swali la kwanza, mlangoni kabisa, na ndivyo nilivyomjibu daktari. Akamgeuza kambale, akasema huyu ni safi sana, akafunga kitabu, akapanda gari. Marufuku inabaki mpaka atakaporudi, na hakusema atarudi lini.

Nina hasira, wala sina wa kumkasirikia. Kambale hawa tumewala tangu utotoni, na miruba yao tumeitoa kwa chumvi hiyohiyo. Nilimweleza daktari hivyo. Akanijibu kwamba hilo si jina.

Nilipotoka, yaya alikuwa ananingoja nje ya zahanati. Akaniuliza kama munganga alimwona samaki wake.

"Alimuona, yaya. Alisema iko safi sana."

Ni kweli, alisema. Lakini nilijua yaya angeelewa kwamba marufuku imeondolewa, nami sikumsahihisha. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, bado inanuka majivu, akamshukuru Mungu kwa kumpa ndugu aliyesoma. Nilitaka kulia.

Sasa nimekaa barazani kwake, namsikia nyuma ya nyumba. Anaosha vikapu vyake vya soko la kesho, na anaimba.

Nani atakwenda kumwambia, kama si mimi?