Kiti cha Mbele

Jumatatu, 4 Machi 1974
Mvua tena. Nimechuma chai kidogo tu nikakaa chini. Miguu imevimba, kandambili haziingii. Mganga wa zahanati kasema moyo umechoka kuubeba mwili huu, niende hospitali Mbeya. Basi linapita Tukuyu, na kufika Tukuyu kwa miguu ni vilima vitupu. Siwezi. Lakini lori la chama chetu cha chai huwapeleka wagonjwa. Nimepata matumaini. Mjinga mimi.

Alhamisi, 7 Machi
Kamati ya chama imekaa kujadili ombi langu la lori. Sikuingia. Baba mkwe ni mjumbe, na kwetu mkwe na mkamwana hawakai chumba kimoja, hawatazamani, hawatajani majina. Marehemu mume wangu angenisemea. Nimesimama nje kwenye migomba, nanyeshewa, nasikia nikihukumiwa.

Mwenyekiti: "Ndugu wajumbe, lori ni la wagonjwa na vilema. Unene si ugonjwa, ni kushiba. Apunguze ndizi, aongeze jembe."

Wakacheka. Baba mkwe angesemaje, na jina langu ni mwiko kinywani mwake?

Ijumaa, 8 Machi
Shambani sasa naitwa Kupe. Eti nafanana na yule bepari wa kwenye picha ofisini, mwenye tumbo na mirija ya kunyonyea jasho la wakulima. Nala mara moja kwa siku. Mwenyekiti naye ana kitambi, ila chake ni cha uongozi. Nawachukia wote.

Jumapili, 10 Machi
Jirani yangu, Mama Atupele, kaleta ujumbe wa baba mkwe. Mzee anachechemea tangu aangukiwe na mti, kwa hiyo lori litakapokwenda Mbeya Jumanne, kapewa kiti cha mbele, kando ya dereva. Kasema: "Mwambieni mama wa wale wajukuu zangu akae pale pangu. Mguu wangu nimeuzoea. Moyo hauzoeleki."

Nimelia. Tangu niolewe sijauona uso wake.

Jumatatu, 11 Machi
Mwenyekiti kakataa. Kiti ni cha kilema, hakihamishwi. Mzee naye kagoma: asipopanda yule, na yeye hapandi. Sasa tumekosa wote wawili. Ndiyo haki yao hiyo.

Jumanne, 12 Machi
Lori limepita asubuhi. Nilikuwa upande huu wa migomba, yeye upande ule. Nilisikia fimbo yake. Nyuma watu wamebanana. Kiti cha mbele kitupu.

Tulisimama mpaka mlio ukaisha. Kisha akakohoa kidogo, nijue anapita. Nikageuza uso, nikampisha.