Jeli ya Mgongo

Mwenzangu uko wapi? Pokea simu! Basi soma.

Wale panya wangu majike wa kulinganishia, waliochomwa sindano ya mafuta matupu walipozaliwa, bila homoni yoyote, leo tumewapasua. Hakuna hata yai moja lililopevuka! Wako sawasawa na wenzao waliochomwa homoni ya kiume.

Profesa akauliza mbele ya wote, "Nani hapa anajipaka homoni nyumbani?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. NIKACHEKA!

Halafu nikaikumbuka jeli ya Baba Kadogo. Aliniambia ni dawa ya mgongo, na kila asubuhi namsugua mabegani. Nilikuwa natoka hapo naenda kushika vitoto vya panya mikono mitupu, maana glavu zinateleza.

Nikampigia. "Ile jeli ni ya nini?"

Akajibu, "Niliona aibu kukwambia, Mama Kadogo. Ni homoni, ya nguvu za kiume."

Ya nguvu za kiume!

Nikamuuliza Profesa, eti tukiwaacha hao panya watarudi sawa? Akasema, "Homoni ya kiume ikimpata jike akiwa mchanga, athari yake haifutiki."

Najua Kadogo, binti yangu mchanga, si panya. Usiniambie. Najua! Nitafutie daktari wa watoto, yeyote, leo hii. Niko chooni kazini, nimenawa mpaka mikono imechubuka.

Sasa hivi Baba Kadogo katuma picha, eti ya kunituliza. "Usijali, mwanao kalala fofofo."

Kalala kifuani kwa baba yake, shavu begani. Baba mwenyewe hana shati.