Nozeli Nyekundu

Jumanne, Julai 1996

Hadi sasa bado naona aibu. Nilijiona mjanja, kumbe mkaguzi wa magari ameuzoea ujanja wangu.

Huku Tetu, siku ya ukaguzi ikifika, kila mwenye pikapu kuukuu ya dizeli huazima kwa fundi Kariuki nozeli safi, vile vipuli vya kunyunyizia dizeli ndani ya injini. Injini inatoa moshi mwembamba, unapewa cheti, unazirudisha na kuendelea kufukiza watu. Fundi amezipaka rangi nyekundu ili zisipotee.

Leo pale Nyeri mkaguzi alifungua boneti akacheka. "Mzee, hizi nyekundu nimezipitisha jana, kwa gari ingine. Zako ziko wapi?"

"Ziko nyumbani, afande."

"Ati zinapumzika? Mambo ya moshi imekuwa kali sasa. Uko na siku saba. Ukirudi na za kuazima, hii gari haitembei tena."

Siku saba. Bila pikapu, maziwa ya majirani hayafiki kiwandani, na mimi sina kazi nyingine. Naogopa, sitajidanganya.

Nyumbani, mke wangu Mama Wanjiru hakunionea huruma. "Baba Wanjiru, hiyo gari nikiisikia kwa kona naanua nguo. Serikali imechelewa."

Basi. Ndama dume anauzwa. Kesho fundi anaifungua injini yote, asafishe pampu na nozeli zangu mwenyewe. Maziwa nitayapeleka kwa mkokoteni wa punda, na anayetaka kucheka acheke.

Siku ya saba nitakuwa wa kwanza langoni, na boneti nitamfungulia mkaguzi kabla hajaniambia.