Gambuti za Wageni

Mdogo wangu Somoe,

Mimi mzima, ila mbu wa huku mlangoni mwa mto Ruvuma hawana adabu. Simu haishiki, ndiyo maana nimempa dereva barua hii akuletee Likombe.

Kambi ya wanakijiji ni nzuri, vibanda vimesimama juu ya nguzo katikati ya mikoko. Sasa naelewa kwa nini Nasoro wangu aliipenda kazi ya kutembeza wageni hapa. Wananilisha kaa na ming'oko, vile viazi vya porini, nikitaka kulipa wanagoma: "Mama Nasoro si mgeni." Wote wananiapia bado wanamtafuta, eti huenda mto uliusukuma mtumbwi wake ng'ambo, yuko kwa watu. Nikaanza kuamini.

Leo asubuhi binti wa mapokezi alitaka kunitembeza mikokoni. Kwa sababu ya tope, huwa wanawaazima wageni gambuti. Akanichagulia jozi kwenye rafu. Kisigino kimoja kina kiraka chekundu cha kandambili, nilichokibandika mimi mwenyewe. Kumbe gambuti za mwanangu zilishachanganywa na za wageni.

Nimezivaa, nimetembea nazo, nimeziosha, nimezirudisha.

Somoe, yule mwalimu aliyeulizia chumba cha Nasoro, mwambie ahamie.

Dada yako,
Mwanaisha